Usome kwa Macho au kwa Masikio? Vitabu vya Karatasi na Vitabu vya Sauti, Aina kwa Aina

Nilikuwa nimeshasikiliza saa tisa za kitabu kimoja kinene cha historia, zimebaki kama saba hivi, ndipo nikagundua kwamba majenerali wawili niliokuwa nawafuata tangu mwanzo wamekuwa mtu mmoja kichwani mwangu. Majina yao yanaanza kwa herufi moja, yanaishia kwa sauti moja, na msimuliaji aliyatamka yote mawili kwa pumzi ileile. Mmoja alikuwa amekufa tangu sura ya nne. Karibu nusu ya niliyodhani nimeyaelewa baada ya hapo haikuwa sahihi. Nikakitafuta kitabu hichohicho cha karatasi, na kwenye kurasa za mwanzo kabisa nikakuta orodha ya wahusika wote, ramani mbili na mti wa ukoo. Kwenye sauti havikuwemo.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuchagua, najiuliza swali moja: kitabu hiki kitanidai nirudi nyuma mara ngapi?

Jicho hurudi nyuma bila kuomba ruhusa. Unasoma mstari, neno linakutatiza, na kabla hujatambua jicho limesharuka maneno matatu nyuma na kurejea. Waliopima mwendo wa macho wanaeleza kwamba kwa msomaji wa kawaida takriban mruko mmoja kati ya kumi, wakati mwingine zaidi, ni wa kurudi nyuma. Sikio halina uwezo huo. Sauti ikishapita imepita. Kuirudisha ni mpaka mkono uache ulichokuwa unafanya, ubonyeze, urudi sekunde 15 au 30, kisha usubiri ifike pale ulipopotea. Mara nyingi hatufanyi hivyo. Tunaiacha iende tukitumaini itajieleza mbele ya safari. Kwenye vitabu vya aina fulani itajieleza kweli. Kwenye vingine haijielezi ng'o.

Upande wa pili, karatasi haina pumzi. Haiwezi kusita, haiwezi kushusha sauti, haiwezi kumeza mate. Kuna vitabu ambavyo bila pumzi hiyo unavipata nusu tu. Kwa hiyo ninaposema hapa chini kwamba aina hii ni ya macho na ile ni ya masikio, kipimo changu ni hicho: kipi kinakukosesha kikubwa zaidi, kukosa kurudi nyuma au kukosa pumzi?

Kwanza muda, maana hapo wengi hujidanganya

Nimesikia watu wakisema wanasikiliza vitabu ili wavimalize haraka. Kwa kasi ya kawaida ni kinyume chake. Mwaka 2019 mtafiti Marc Brysbaert alikusanya matokeo ya tafiti 190 kuhusu kasi ya kusoma, akapata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya huenda wastani wa maneno 238 kwa dakika kwenye vitabu vya maarifa na 260 kwenye hadithi. Msimuliaji wa kitabu cha sauti kwa lugha hiyo huenda kama maneno 150 hadi 160. Piga hesabu: riwaya ya maneno 90,000 itakuchukua karibu saa sita kwa macho, na karibu saa kumi kwa masikio. Kiswahili idadi itakuwa tofauti, kwa sababu maneno yetu ni marefu na neno kama "hawakumwambia" ni sentensi nzima peke yake, ila mdomo haulipiti jicho.

Faida ya sauti iko kwingine. Inaingia kwenye saa ambazo karatasi haiingii: ukitembea, ukipiga pasi, ukiosha vyombo, ukiendesha gari, au umelala chali macho yamechoka lakini kichwa bado kiko macho. Zile saa kumi hukuzitoa popote, zilikuwa zinapita bure. Na kwa asiyeona, au ambaye herufi zinamchezea machoni, sauti ndiyo kitabu chenyewe. Asili ya vitabu hivi ni huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Marekani ilianza kuwarekodia wasioona vitabu kwenye santuri, na Uingereza ikafuata mwaka 1935. Santuri ilibeba kama dakika 25 kila upande, hivyo riwaya moja ilikuwa mzigo wa santuri kumi hivi, za kugeuza na kubadilisha moja baada ya nyingine. Nikilikumbuka hilo, sioni shida kabisa kutoa mkono kwenye maji nibonyeze kitufe.

Je, unachosikia kinakaa kichwani sawa na unachosoma? Kuna tafiti mbili ninazozikumbuka kila mara swali hili linapokuja. Ya mwaka 2016, ya Beth Rogowsky na wenzake, iliwagawa watu wazima 91 makundi matatu: waliosoma, waliosikiliza, na waliofanya yote mawili kwa pamoja. Walipewa sehemu za kitabu cha kisa cha kweli, wakaulizwa maswali papo hapo na tena baada ya wiki mbili. Hapakuwa na tofauti ya maana. Ya mwaka 2010, ya David Daniel na William Woody, iliwapa wanafunzi makala ya kitaaluma wajiandae kwa jaribio, wengine kwa maandishi na wengine kwa podikasti. Waliosikiliza walipata alama za chini zaidi. Watu huzitumia tafiti hizi kubishana. Mimi naona zinasema jambo moja: kisa kinachotiririka sikio linakimudu, maelezo ya kujifunza kwa mtihani yanataka jicho. Na hilo linatupeleka kwenye aina za vitabu.

Tawasifu: masikio, bila kusita

Nikiambiwa nimchagulie kitabu cha kwanza cha sauti mtu ambaye hajawahi kusikiliza hata kimoja, nitampa tawasifu iliyosomwa na mwenyewe aliyeiandika.

Nitaeleza kisa kimoja. Nilikuwa napiga pasi, nikisikiliza mwandishi akisimulia utoto wake. Akafika kwenye kifo cha mama yake. Sentensi ilikuwa fupi, maneno manne na nukta. Ningeisoma kwenye karatasi ingenigusa, kisha jicho lingeteremka aya inayofuata kama kawaida. Lakini yeye alisoma maneno matatu, akanyamaza. Ukasikika mdomo ukifunguka na kufungwa. Kisha neno la nne likatoka chini, dogo, kama limepitishwa kwenye mlango mwembamba. Aliyerekodi hakukata kile kimya, na nashukuru hakukikata. Nilisimama pale pasi ikiwa mkononi mpaka sura ikaisha.

Tawasifu haidai urudi nyuma. Mtu anasimulia maisha yake kama anavyosimulia mtu yeyote aliyeketi mbele yako: ukisahau jina la mwalimu wake wa darasa la tatu, hakiharibiki kitu. Kinachobeba kitabu ni sauti ya mtu, na hapa unayo sauti yenyewe.

Angalizo ni mawili. La kwanza, si kila mwandishi anajua kusoma kwa sauti. Wapo wanaokimbia, wapo wanaosoma machungu yao kama tangazo la mkutano. Sikiliza dakika tano za kionjo kabla ya kuamua. La pili, usichanganye tawasifu na wasifu. Wasifu ulioandikwa na mtafiti kuhusu maisha ya mtu mwingine, wenye barua, tarehe na mashahidi wanaopingana, ni kitabu cha historia kilichovaa nguo nyingine. Huo nausoma kwa macho.

Riwaya za upelelezi: hapa nilibadili msimamo

Kwa miaka mingi niliamini upelelezi ni wa masikio. Sababu yangu ilikuwa nzuri: kwenye karatasi kishawishi cha kuchungulia ukurasa wa mwisho kiko palepale kwenye kidole gumba, na hata usipochungulia, unene wa kurasa zilizobaki unakuambia kwamba mtu anayekamatwa sasa hivi siye, kwa sababu bado kuna kurasa themanini. Sauti haikuonyeshi unene. Na ni aina yenye historia ndefu masikioni: kati ya vitabu vya kwanza kabisa kurekodiwa kwa wasioona nchini Uingereza mwaka 1935 kilikuwemo kimoja cha upelelezi cha Agatha Christie, *The Murder of Roger Ackroyd*.

Kilichonibadilisha ni mambo mawili, na la pili linahusu Kiswahili hasa.

La kwanza ni dalili. Riwaya nzuri ya upelelezi inakuwekea dalili mbele ya macho yako, imefichwa katikati ya jambo la kawaida: nani alifunga dirisha, saa ilikuwa ukutani au mezani. Ukifika mwisho, unataka kurudi sura ya tatu uhakikishe kwamba mwandishi alicheza haki. Huo ni sehemu ya utamu wake. Kwa karatasi ni sekunde chache, kwa sababu unakumbuka kwamba ilikuwa ukurasa wa kushoto, karibu na chini. Kwa sauti ni kutafuta sindano kwenye nyasi, sogeza mbele, sogeza nyuma, mpaka hamu inaisha.

La pili. Kiswahili hakitaji jinsia ya mtu kwenye kitenzi wala kwenye kiwakilishi. Angalia sentensi hii niliyoitunga sasa hivi: "Simu ililia. 'Usirudi nyumbani leo,' alisema aliyepiga, kisha akakata." Ni mwanamume au mwanamke? Hujui, na mwandishi anaweza kukuficha hivyo sura kumi nzima bila kujikunja wala kulazimisha maneno. Ni silaha ambayo waandishi wa lugha nyingi hawana. Sasa mpe msimuliaji sentensi hiyo asome. Ni lazima achague sauti. Akiifanya nzito, amemfichua. Akiifanya nyembamba, amemfichua au amekudanganya. Msimuliaji mwerevu atanong'ona, kwa sababu kwenye mnong'ono jinsia ni ngumu zaidi kuitambua, lakini huwezi kunong'ona kitabu kizima.

Kwa hiyo hukumu yangu leo: upelelezi wa mafumbo, soma kwa macho mara ya kwanza. Ukiupenda, usikilize mara ya pili, na utafurahia kusikia dalili zikipita moja moja huku ukijua zinaelekea wapi. Zile riwaya za kukimbizana, za mabomu na magari na saa inayohesabu kurudi nyuma, ni jambo tofauti. Hizo hazitaki urudi nyuma hata kidogo, na msimuliaji mzuri atakufanya ukose usingizi.

Mashairi: usichague

Shairi la arudhi, yaani lenye kufuata kanuni za vina na mizani, lilitungwa ili lighaniwe. Mshororo wa mizani 16 umegawanyika katikati, nane huku na nane kule, na pale katikati pana pumzi. Kwenye karatasi unaona pengo. Ukilisikia likighaniwa na mtu anayelijua, unaelewa kwamba pengo lile lilikuwa mahali pa kuvuta hewa. Utenzi ndio unaodai sikio zaidi: beti ya vipande vinne, vitatu vya kwanza vinakubaliana vina, cha nne kinashika kina kimoja kinachorudi mwisho wa kila beti tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi. Ukisoma kimyakimya, baada ya beti ishirini jicho linakizoea kile kina na kukipuuza. Sikio halikizoei. Linakisubiri.

Shairi huru, la mistari mifupi na nafasi nyeupe, mara nyingi limejengwa kwa macho. Mstari wenye neno moja peke yake katikati ya ukurasa una uzito ambao msimuliaji hawezi kuusema. Atanyamaza kidogo, lakini mnyamao haukuambii kwamba neno lilikuwa peke yake.

Bahati nzuri mashairi ni mafupi. Soma, sikiliza, soma tena, dakika tano zimetosha. Kitu kimoja tu nasisitiza: usisikilize mashairi huku unafanya kazi nyingine. Riwaya inavumilia vyombo na pasi. Shairi likikupita mistari miwili, limekwisha.

Historia, sayansi, falsafa, na kila chenye jedwali

Karatasi. Nilishaeleza yaliyonikuta na majenerali. Ongeza tarehe, majina ya mahali usiyoyajua, na tanbihi ambazo rekodi nyingi huziacha kabisa au huzisoma katikati ya sentensi na kukukata njia. Takwimu ndizo zinazonichosha kuliko vyote. Kwenye ukurasa, safu nne za namba unazitazama mara moja na kuona ipi imepanda. Kwa sauti utasomewa "asilimia arobaini na saba nukta tatu, asilimia hamsini na moja nukta sita", na ukifika ya tatu umeshaisahau ya kwanza.

Falsafa sijawahi kuimudu kwa masikio. Sentensi moja inanitaka nisimame, nitazame ukuta, niisome tena. Msimuliaji hatazami ukuta.

Isipokuwa: vitabu vya sayansi au historia vilivyoandikwa kama kisa, chenye mtu mmoja anayetafuta jibu na wewe unamfuata. Hivyo vinasikilizika vizuri sana, kwa sababu kamba ya kisa inakushika hata jina moja moja likikuponyoka. Ukitaka kujua kama kitabu ni cha namna hiyo, fungua katikati. Ukikuta mchoro, jedwali au tanbihi kila ukurasa, chukua karatasi.

Nyingine kwa kifupi

Vitabu vya kujiendeleza, vya tabia, fedha na nidhamu ya maisha, navisikiliza. Wazo kuu huwa moja au mawili, linarudiwa kwa visa tofauti, na sauti inayokuhimiza asubuhi unapotembea ina faida yake. Kikiwa na mazoezi ya kujaza, hapo ni karatasi na kalamu, na usijidanganye kwamba utayafanya kichwani.

Riwaya za mapenzi na za kuchekesha, masikio, mradi msimuliaji awe mzuri. Mzaha unakaa kwenye kusita kabla ya neno la mwisho, na msimuliaji anayejua kusita atakuchekesha kwa sentensi ambayo kwenye ukurasa ungeipita.

Njozi na hadithi za sayansi ya kubuni zimenigawa. Majina ya kubuni ukiyasoma hujui yanatamkwaje, ukiyasikia hujui yanaandikwaje, na ramani iko kwenye karatasi tu. Lakini ni vitabu virefu, vya saa ishirini, thelathini na zaidi, na urefu huo unafaa sana safari na kazi za mikono. Mimi husikiliza huku nimehifadhi picha ya ramani kwenye simu.

Tamthilia, tafuta iliyoigizwa na watu wengi. Mtu mmoja akisoma tamthilia yote, pamoja na majina ya wasemaji na "anatoka kwa hasira", inachosha mapema.

Hadithi fupi nilidhani ni za masikio kwa sababu moja inatosha matembezi mamoja. Kumbe kuna tatizo dogo linaloniudhi kila mara: hadithi ikiisha, inayofuata inaanza baada ya sekunde mbili. Hadithi fupi nzuri inataka ukae nayo kidogo baada ya sentensi ya mwisho. Karatasi inakupa nusu ukurasa mtupu ukae. Ukisikiliza, weka kidole karibu na kitufe cha kusimamisha.

Vitabu vya picha vya watoto wadogo, karatasi, na sauti iwe yako.

Riwaya nzito

Hizi nimeziacha zipate nafasi yake, kwa sababu ndizo ninazozipenda na ndizo zinazonisumbua kuamua. Kuna riwaya ambayo kila sentensi imechongwa. Ukiisikiliza, sentensi nzuri inapita, unaisikia ni nzuri, na kabla hujaishika imekuja nyingine. Kwa hizo nataka penseli mkononi. Pembeni mwa vitabu vyangu kuna mistari iliyopigwa miaka mingi iliyopita, na nikifungua naona nilichokipenda wakati ule. Alamisho za kwenye programu za simu zipo, nazitumia, lakini sijawahi kurudi kuzisikiliza kwa raha.

Halafu kuna riwaya iliyojaa mazungumzo, watu wa lahaja mbalimbali, wazee wanaosema Kimvita au Kiunguja cha ndani. Msomaji asiyeizoea lahaja huiona kama kizuizi: maneno yameandikwa tofauti na ya shuleni, jicho linakwama. Akiisoma mtu mwenye lahaja hiyo mdomoni, kizuizi kinayeyuka. Ghafla ni mtu anayezungumza, na maana unaipata kutokana na sauti hata neno lenyewe hulijui. Riwaya moja ya namna hiyo niliiacha mara mbili kwenye karatasi, nikaimaliza kwa siku nne kwa sauti, kisha nikarudi kuisoma kwa macho kwa wepesi, kwa sababu sasa nilikuwa nawasikia wahusika kichwani.

Ukitaka kuamua haraka: fungua kurasa tatu popote. Kama masimulizi ni mengi kuliko mazungumzo na sentensi ni ndefu, soma. Kama kurasa zimejaa alama za mtu kusema, sikiliza.

Msimuliaji anaweza kuibatilisha hukumu yote hii

Yote niliyoyasema yanategemea kwamba anayesoma anajua kazi yake. Kwa Kiswahili kazi hiyo ina mitego yake.

Chukua swali. "Umemwona" na "Umemwona?" ni maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Hakuna neno linaloruka mbele kukuambia kwamba hili ni swali. Alama iko mwisho wa sentensi, na sauti inatakiwa ijue tangu mwanzo. Msimuliaji aliyejiandaa ameshaiona alama kabla hajafungua mdomo. Asiyejiandaa anasoma kauli, anaikuta alama ya kuuliza mwishoni, anapandisha sauti kwenye silabi ya mwisho kwa kushtuka. Ukishaitambua kasoro hiyo huwezi tena kuacha kuisikia.

Au chukua neno "barabara". Mkazo ukikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Ukisogea nyuma silabi moja, ni sawasawa, kabisa, imara. "Alimshika barabara" inaweza kuwa mahali au namna, na maandishi hayakuonyeshi tofauti. Mtu anayeijua lugha hachanganyi, kwa sababu anaelewa anachosoma. Sauti za mashine, ambazo sasa zinasoma vitabu vingi, huweka mkazo wa kawaida kila mahali, na nimeshasikia mlango "umefungwa barabara" kama vile umefungwa katikati ya njia. Zinatamka maneno mengi vizuri sana, siwezi kulikana hilo, na pale ambapo hakuna binadamu aliyekisoma kitabu ni afadhali mashine kuliko ukimya, hasa kwa asiyeona. Kwa kitabu cha maelekezo naikubali. Kwa tawasifu au riwaya ninayoipenda, hapana. Ule mlango mwembamba niliousikia nikipiga pasi mashine haina.

Kuhusu kasi: mimi huweka mara 1.25 kwa vitabu vya maarifa vyenye msimuliaji mzito, na kasi ya kawaida kwa kila cha kubuni. Kuharakisha hadithi ni kufuta vile vituo ambavyo ndivyo ulivyovifuata kwenye sauti.

Na kama huwezi kuchagua

Vichukue vyote viwili. Sisemi kwa kila kitabu, maana si kila mtu ana uwezo wala nafasi, ingawa maktaba nyingi zinazoazimisha vitabu kwa intaneti zina vya maandishi na vya sauti. Nasema kwa kitabu kimoja kigumu unachokitaka sana. Unasoma jioni kwa macho, asubuhi unaendelea kwa sauti pale ulipoishia, jioni unapitia kurasa ulizozisikia. Kwa anayejifunza lugha ni bora zaidi afanye vyote kwa wakati mmoja: kitabu wazi, sauti inasoma, kidole kinafuata. Jicho linajifunza tahajia, sikio linajifunza mkazo.

Kile kitabu cha historia nimekianza upya kwa namna hiyo. Karatasi imelala mezani, wazi kwenye ukurasa wa ramani, na msimuliaji ni yuleyule wa kwanza. Jana usiku tumefika sura ya nne. Jenerali amekufa tena, karibu na mto uliochorwa kwa mstari mwembamba upande wa kulia wa ramani, nikaweka alama ya penseli hapo kabla ya kumruhusu msimuliaji aendelee.